Ulichonipa Sirudishi

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimeamka na wazo! Si la kuku wa mayai, wala si la kupeleka madafu Nairobi. Hayo yalikwisha na hatuyataji. Hili ni wazo la mawazo yenyewe.

Mimi, Abdulwahab Shutu wa Kinondo, mwalimu wa chekechea mpaka chekechea ilipofungwa, nina kitu ambacho wenzangu hawana. Kichwani mwangu hupita maneno. Naosha uso, neno. Nasubiri chai ichemke, neno. Jana nikiwa Ukunda likanijia hili: maisha ni mlango wa choo cha stendi, ukiwa nje unausukuma, ukiwa ndani unaushikilia. Nani mwingine ameshafikiria hivyo? Hakuna. Na yote haya yanapita bure na kupotea bure.

Sasa Bi Twaiba, mwenye duka la leso pale Kona ya Musa, anatafuta jina. Kila leso ina jina lake, yale maandishi ya pindoni, na mwanamke hanunui maua ya leso, ananunua jina, ili apite nalo mbele ya mtu fulani bila kufungua mdomo. Msimu wa harusi umefika. Bi Twaiba atachapisha leso moja mpya huko Mombasa na amesema mwenye neno zuri alete.

Pesa sizitaki. (Nazitaka, lakini si hoja.) Hoja ni Yusra. Mke wangu yuko kwao Msambweni tangu masika. Hatukugombana. Alisema amechoka kuishi na mtu anayezungumza kwa maneno ya watu: ya redio, ya mawaidha ya Ijumaa, ya nyuma ya malori. Alisimama mlangoni na sanduku lake akaniambia, "Siku utakayoniambia neno lako mwenyewe, Abdulwahab, lako wewe, nitarudi." Nikatafuta la kumjibu. Lililonijia lilikuwa la redio.

Basi neno atalipata, tena limechapishwa kwenye pamba!

Mpango ni huu. Kila asubuhi natembea kwenye kijia cha nyuma, kando ya msitu, simu mkononi, narekodi kila kinachopita kichwani. Nilimweleza Kache, anayeuza mahamri na mbaazi pale kijia kinapoanzia na ambaye hakuna jambo asilolitia mdomo. Akasema nirekodi nitakapo, lakini si pale. Kando ya msitu ule neno haliachwi katikati. Ukianza kusema, maliza mwenyewe, hata kama ni upuuzi. Nikamwuliza kwa nini. Akasema hajui, ila alipokuwa mtoto mama yake alimfinya kwa ajili hiyo. Huo ndio ushahidi wake wote: kufinywa.

Jumanne, 5 Agosti

Mambo!

Kwanza nieleze tabia yangu. Mwalimu wa chekechea hufundisha kwa kuacha nafasi. Kabla ya kula tunanawa mi... na darasa zima, "Mikono!" Jua huchomoza ma... "Mashariki!" Miaka yote ile imeniharibu, siwezi kusema jambo bila kuacha mwisho wake ukining'inia. Yusra nilikuwa nikimwambia leo tunakula wa... naye hamalizii. Anatoka jikoni.

Leo kijiani nikaiambia simu, "Moyo wa mtu ni chumba cha..." Nikanyamaza kwa mazoea. Kusema kweli nilikuwa sijajua bado ni chumba cha nini. Ndege nao wakanyamaza. Sikulitilia maanani, nikaenda zangu.

Nyumbani nikasikiliza. Moyo wa mtu ni chumba cha. Kimya kidogo. Kisha sauti ikasema, "Kukodi."

Si sauti yangu. Ya mwanamke au ya mtoto, sikuweza kujua. Kavu, karibu sana na simu, ya mtu aliyeinama. Na ilijibu kwa utiifu, vile darasa hujibu. Nywele zilinisimama. Nikasoma Ayatul Kursiyyu, nikaikosea katikati, nikaanza upya. Nikafunga madirisha na jua linawaka. Kisha nikasikiliza tena.

Lakini ni neno zuri! Moyo wa mtu ni chumba cha kukodi. Ningekaa mwaka mzima nisingelipata. Kadiri nilivyorudia ndivyo hofu ilivyopungua, nikaanza kufikiri kwa haki. Nani alianza sentensi? Mimi. Na sentensi ni ya nani? Ya aliyeianza. Fundi akipigilia msumari wa mwisho, nyumba haiwi yake.

Alhamisi, 7 Agosti

Kona ya Musa. Nimeingia dukani na nani yuko pale ananywa soda ya Bi Twaiba? Feisal! Feisal wa Diani, anayeandika maneno nyuma ya tuktuk na kujiita msanii. Yote ameyanakili kwenye malori ya Lunga Lunga. Huenda mpakani makusudi, akakaa kivulini, akangoja malori yasimame. Leo alikuwa ameleta neno kuhusu subira. Subira! Bi Twaiba alipiga mwayo.

Nikatoa langu la choo. Bi Twaiba akasema hakuna bibi harusi atakayejifunga choo kiunoni. Nikatoa la chumba cha kukodi. Akaweka chini mkasi. Akalirudia polepole, akaniuliza nimelitoa wapi. Nikajigusa paji la uso. Akasema lina ukali ila halijafika. Anataka neno ambalo mwanamke akilisoma ataona limeandikwa kwa ajili yake. Tumepewa hadi Jumapili, mimi na Feisal.

Wakati wa kuondoka Feisal aliniuliza kwa upole mwingi natembea wapi siku hizi. Nikamwambia ufukweni.

Tuktuk ya kurudi ilinipitisha Kinondo. Nilisema nashuka. Nikasema tena. Nikapiga ukelele. Mwishowe nikamgusa dereva bega, akaruka, nusura atupeleke mnazini. Akaapa hakunisikia kabisa. Vijana na muziki wao! Ingawa nikikumbuka sasa, redio ilikuwa imezimwa.

Ijumaa, 8 Agosti

Mavuno mema. Nilianza, "Mapenzi ya kweli hayahitaji..." nikaacha nafasi. Nyumbani nikasikia, "Shahidi aliye hai." Nikaanza tena, "Anayenipenda na abishe hodi, anayenichukia..." Ikamalizia, "Nimo chumbani mwake."

Hili la mwisho limenifanya nisogeze kitanda ukutani. Lakini ni zuri.

Jambo dogo. Kwenye rekodi za leo mimi nasikika kwa mbali, ungedhani niko upande wa pili wa shamba la mihogo. Ile sauti inayonijibu imenona. Nimekipangusa kipaza sauti kwa pindo la kikoi. Simu za siku hizi!

Msikitini nilitoa salamu mlangoni, hakuna aliyeitikia. Baada ya swala nikampa mkono jirani yangu Boga, nikamweleza habari ya leso kwa kirefu, pamoja na uovu wa Feisal. Boga akanitazama mdomo mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza mbona leo sisemi kitu, au nina jino. Mimi ambaye nilikuwa nimesema mpaka koo limekauka! Hii ni kazi ya Feisal. Ameshawatia watu wa Kinondo maneno wanisuse.

Jumapili, 10 Agosti

Siku ya mwisho, na kichwani hakupiti kitu. Hata choo. Nilisimama kijiani muda mrefu. Halafu nikafungua mdomo nikasema "U..." Basi. Herufi moja. Kisha nikaacha nafasi ndefu, ile ya kumngojea mtoto mgumu. Wengine wangeuita uvivu. Mimi nauita ushirikiano.

Leo haikungoja nifike nyumbani. Nilisikia palepale, kwa masikio yangu, nyuma ya shingo.

"Ulichonipa sirudishi."

Nilikimbia. Kandambili moja imebaki huko. Nilikimbia huku nacheka, kwa sababu hata mbioni nilijua hilo ndilo jina.

Dukani nilimwamkia Bi Twaiba shikamoo. Hakusema marahaba. Nikaamkia tena. Akawa anatazama mlangoni, anauliza nani hapo, na mimi niko mbele ya pua yake! Nilipogonga meza ndipo akaniona, akashika kifua. Nikaona maneno hayatatosha. Nikachukua kalamu nikaandika kwenye karatasi ya kufungia: ULICHONIPA SIRUDISHI. Akasoma. Akavuta kiti akakaa. Wanawake waliokuwa wakichagua leso wakasogea, mmoja akapiga kigelegele, mwingine akasema anamjua wa kumvalia. Neno limepita! Feisal alikuwa na lingine la subira. Sikumcheka. Nilimcheka, lakini naona hakusikia.

Bi Twaiba akanishauri tangawizi na asali kwa hilo koo. Nimenunua tangawizi.

Kache alinitazama miguu, mmoja una kandambili na mwingine mtupu, akajua. Hakunigombeza. Hilo ndilo lililonitisha kidogo, maana Kache hugombeza hata mbuzi wa watu. Aliniambia, "Bado imebaki kidogo, Mwalimu. Rudi sasa hivi, useme sentensi moja yako, nzima, mwanzo mpaka mwisho, na usikubali kusaidiwa." Nikamwonyesha kwa mikono kwamba jua ni kali na sina kiatu. Nitakwenda wakati mwingine.

Simu nayo siioni. Huenda niliidondosha mbioni.

Jumatano, 13 Agosti

Leso ya mfano imefika! Nyekundu kwa nyeusi, korosho pembeni, na jina katikati kwa herufi pana. Bi Twaiba aliniwekea doti moja mezani, akasema kwa sauti, akiangalia dari, kwamba Mwalimu akija achukue. Nilikuwa nimeshakuja. Nimechukua.

Nikapita kwa Kache kumringia. Nilipoitikisa leso ndipo akageuka, akawa anazungumza na mahali palipo pembeni yangu kidogo. Akasema leo asubuhi nimepita kijiani nikamwamkia kwa sauti nzuri, nikamwuliza habari za watoto, za biashara, za mguu wake unaovimba. "Hujawahi kuniuliza habari ya mguu," akaniambia. "Nikajua si wewe." Kisha akafunga biashara yake, mahamri bado yamejaa sinia, akaenda zake.

Leo asubuhi mimi nilikuwa Kona ya Musa.

Niseme ukweli, nimeketi na hili jambo jioni yote na linaniudhi. Kutumia sauti ya mtu bila idhini ni kitu kimoja. Lakini kuwaamkia watu vizuri kunizidi! Watazoea. Nikirudishiwa sauti yangu nitaonekana sina adabu.

Tangawizi haijasaidia.

Jumamosi, 16 Agosti

Msambweni. Nitajaribu kupanga mambo yalivyokuja.

Sikulipa nauli. Hakuna aliyenidai. Kwa siku ya kawaida ningefurahi.

Yusra alikuwa barazani kwa mama yake, ungo mapajani, anachambua mchele. Amekonda kidogo mashavuni. Nilikuwa nimeshajipanga: nikunjue leso, nimwonyeshe jina, niseme ni langu, abebe sanduku. Nikamwona anaokota kijiwe mchelini na kukiweka kando kwa uangalifu wote ule, leso ikanitoka mkononi ikaanguka ngazini. Sikutaka kumwonyesha tena. Likaja lingine, sijui kutoka wapi. Halikupita kichwani hata kidogo.

Nilisema, "Nyumba imekuwa safi mno, Yusra. Kitana naacha mezani mimi mwenyewe, nikikiona nidhani umekiacha wewe."

Langu! Si la redio, si la lori, si la msituni. Nilijua ni langu kwa sababu liliniuma kulitoa. Hakuinua uso. Nikapiga magoti mbele ya ungo, nikasema tena lote, kisha nikaongeza, "Rudi. Mimi naku..."

Na nikaacha nafasi.

Sikukusudia! Ni mazoea. Nilinyamaza nikimtazama mdomo wake, nikimngojea amalizie.

Simu yake ikalia. Akafuta mikono kwenye kanzu, akaipokea, akasema abee. Nikaisikia sauti yangu. Imepumzika, imeshiba. Ilimwambia nyumba imekuwa safi mno. Ikamwambia habari ya kitana, neno kwa neno. Ikasema, "Rudi. Mimi nakungoja."

Mimi nilikuwa naelekea kwenye nakuhitaji. Lakini nakungoja ni zuri zaidi, siwezi kusema uongo.

Yusra alilia. Mchele ukamwagika. Akasema, "Hilo ni lako, Abdulwahab. Hilo ni lako mwenyewe." Nikajibu ndiyo, ni langu, mimi huyu hapa, mbele yako. Mama mkwe akauliza kutoka ndani kuna nani barazani. Yusra akatazama mahali nilipopiga magoti. Alitazama kweli, akakunja uso, nikaona sasa ataniona.

"Hakuna mtu, mama," akasema. "Upepo tu."

Alipoinuka aliiona leso ngazini. Akasoma jina, akacheka huku machozi yanamtoka, akasema kumbe amemtuma mtu. Akajifunga kiunoni, akaingia ndani kufunga sanduku. Nilimfuata njia nzima hadi Kinondo nikimwita. Nililia, naandika hivyo kwa sababu hakuna atakayejua.

Jumanne, 19 Agosti

Hali ya nyumbani nimeichungulia dirishani. Yusra anamimina chai vikombe viwili. Kitana kiko mezani. Kiti changu kimenipa mgongo na juu ya mgongo wa kiti naona kofia yangu ya vito, ile ya Idd! Siku ya kazi! Inazungumza naye kwa sauti yangu na kila inachosema inakimaliza. Haiachi nafasi hata moja. Yusra anacheka. Nimegonga kioo. Aliinuka akafunga pazia, akasema miti ya nyuma inahitaji kukatwa matawi.

Nimehamia kijiani. Kandambili yangu niliikuta, kwa hiyo sasa ninazo zote.

Na leo, heri! Nani amekuja saa za asubuhi akinyatia, simu mkononi? Feisal! Amenifuatilia nyayo, mwizi yule. Alisimama palepale niliposimama mimi, akakohoa, akaiambia simu, "Dunia hii ni ya..." Akakwama. Akajikuna kisogo. Hana kitu kichwani, nilisema tangu mwanzo.

Nilimhurumia. Nikainama karibu na simu yake, nikamsaidia.

"Kupokezana."

Nilijisikia! Kidogo, kavu, lakini nilijisikia, mara ya kwanza tangu juma lililopita. Feisal alisikiliza rekodi, akatupa macho huku na huku, akatoka mbio. Kabla ya kona akapunguza mwendo. Akasikiliza tena. Nikamwona anatabasamu.

Basi mpango uko hivi. Atarudi, namjua. Nitampa neno kila siku, naye apeleke kwa Bi Twaiba ajisifu atakavyo. Kidogo kidogo nitapata sauti ya kutosha kumwita Yusra pale dirishani, na safari hii nitasema mpaka mwisho. Feisal hatapungukiwa na kitu cha maana. Na ukifikiri kwa haki, sentensi ni ya nani? Ya aliyeimaliza.

Tatizo lake ni moja tu, nafasi anazoacha ni fupi mno. Itabidi nimfundishe.